Lori la Dizeli Limegoma Baada ya Sevisi: Namna ya Kulitafuta Kosa Hatua kwa Hatua

Lori limeingia sevisi likiwa zima. Limemwagwa oili, limebadilishwa filta zote, pengine na mkanda wa feni. Likatoka linamisi (silinda mojawapo haichomi mafuta vizuri), au halina nguvu mlimani, au haliwaki kabisa. Hapo ndipo hasara kubwa hutokea, maana mtu huanza kuwaza mabaya: nozeli zinazopuliza mafuta kwenye silinda zimekufa, pampu imechoka, ringi za pistoni zimekwisha. Anafungua pampu ambayo haikuwa na kosa, na kuanzia saa hiyo ana matatizo mawili badala ya moja.

Kazi ya injini hizi za zamani imenifundisha kuamini jambo moja: injini iliyokuwa nzima asubuhi na mbovu jioni, ugonjwa wake uko pale mkono ulipopita. Pampu haichakai ikiwa imesimama. Ringi hazikatiki lori likiwa limeegeshwa. Kilichobadilika ni kile kilichofunguliwa, kilichosogezwa, kilichokazwa au kilichosahauliwa. Kwa hiyo tunarudi kwanza kwenye nyayo zetu wenyewe, na kisichoguswa tunakiacha kilivyo mpaka vilivyoguswa viishe.

Ninachoeleza hapa ni kwa injini zenye pampu ya dizeli ya kimakanika, zisizo na kompyuta: zile zenye pampu ndefu iliyopanga vichwa vyake mstari mmoja, na zile zenye pampu ya mviringo inayogawa mafuta kutoka kichwa kimoja. Robert Bosch alianza kuzitoa kiwandani kwa wingi pampu za mstari mwaka 1927, na kanuni yake ni ile ile mpaka kwenye malori ya miaka ya 1990. Kama injini yako ni ya komoni reli, yaani ile ya kompyuta yenye bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, usilegeze nati za nozeli hata kidogo. Presha ndani ya mabomba yake hupita baa 1,000. Na hata hizi za zamani zisidharauliwe. Nozeli zake nyingi hufunguka kwenye baa 120 hadi 250, na mafuta yanayotoka kwenye ncha yake hupenya ngozi. Mtu akichomwa na mafuta ya nozeli, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano na halimuumi sana.

Uliza kabla ya kushika spana

Chukua karatasi uandike kila kilichoguswa. Usiandike "sevisi" tu. Andika: filta ya oili, plagi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), filta mbili za dizeli, kikombe cha kunasa maji kilifunguliwa na kuoshwa, betri zilitolewa ili kupata nafasi, mpira wa hewa ulivuliwa, lori likaoshwa kwa maji ya presha. Mara nyingi jibu hujitokeza kwenye hiyo orodha kabla hujafika mwisho, hasa kwenye yale mambo madogo ambayo fundi hakuyahesabu kuwa kazi. Betri "zilisogezwa tu". Mpira "ulisukumwa pembeni tu".

Kisha uliza kosa lilianza lini, kwa maana muda unasema mengi:

- Iliwaka, ikanguruma dakika moja au mbili, ikazima na kukataa. Injini imekula mafuta yaliyobaki ndani ya pampu na filta, kisha ikakosa mengine. Ama hewa imeingia, ama njia ya mafuta imefungwa.
- Inafanya kazi vizuri mchana, lakini asubuhi inasumbua kuwaka. Usiku mafuta yanarudi tankini kwa sababu hewa inapata mwanya mahali fulani.
- Inakwenda vizuri kilomita kadhaa kisha inaishiwa nguvu taratibu. Fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia kikivuta hewa kwa nguvu na injini ikarudi hai, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Tope la wakati wa kuosha hulifanya hivyo.
- Ilikuwa nzuri mpaka ilipojazwa mafuta siku ile ile ya sevisi. Hapo filta mpya zinasingiziwa bure. Chota mafuta kutoka chini ya kikombe cha kunasa maji, weka kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie nusu saa. Maji hukaa chini na utayaona yamejitenga.

Mambo ya dakika tano

Haya usiyaruke kwa kuona aibu. Koki ya tanki imefunguliwa? Kebo ya kuzimia injini imerudi ndani yote, au imebaki imevutwa nusu? Kama injini inazimwa kwa umeme, waya wa kile kizibo cha umeme kilicho juu ya pampu umechomekwa? Washa swichi bila kupiga stata, uugusishe huo waya mahali pake na kuuachia. Lazima usikie mlio mdogo wa "tik". Usiposikia, injini haitapata tone la mafuta hata upige stata mpaka betri zife.

Vichwa vya betri vimekazwa? Waya wa ethi unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye injini umerudishwa? Dizeli haina plagi ya cheche. Joto la kuwasha linatokana na hewa kubanwa kwa kasi. Stata ikizunguka kivivu, hewa haipati joto, na utaona moshi mweupe kidogo kwenye ekzosi bila injini kushika. Kwenye mfumo wa volti 24, pima betri wakati stata inazungusha: zikishuka chini ya volti 19 hivi, tatizo ni umeme, si mafuta. Kwenye volti 12, kipimo hicho ni 9.6.

Mwisho, hesabu vitambaa. Kitambaa kilichozibwa kwenye mdomo wa bomba la hewa "ili vumbi lisiingie" kimeshasumbua watu wengi, na kwenye injini yenye turbo kinaweza kufanya uharibifu mkubwa zaidi ya kuzuia hewa.

Hewa kwenye njia ya mafuta

Baada ya kubadilisha filta za dizeli, hili ndilo la kwanza, la pili na la tatu. Dizeli haibanwi kwa urahisi, hewa inabanwa. Pampu inaposukuma mafuta matupu, presha inapanda ghafla na nozeli inafunguka. Ikikuta povu, inalibana lile povu, linatanuka tena, na nozeli haifunguki au inadondosha tu badala ya kupuliza. Kwa hiyo injini haiwaki, au inawaka kwa kutetemeka, inapanda na kushuka sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), na kutoa moshi mweupe unaowasha macho.

Kutoa hewa kunataka utaratibu, nao ni huu:

1. Hakikisha tanki lina mafuta zaidi ya robo. Likiwa karibu tupu na lori limeinama, bomba la kuvutia linaweza kunyonya hewa.

2. Safisha kwanza sehemu zote utakazofungua. Mchanga mmoja unaoingia upande wa pili wa filta unakwenda moja kwa moja kwenye pampu.

3. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya kichwa cha filta. Kama filta ni mbili, anza na ile inayopokea mafuta kwanza.

4. Piga pampu ya mkono. Kama ni ya kibonyezo iliyo kwenye fidi pampu (pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tankini) na unaona haina uzito wowote, usiseme imekufa. Huenda kemu, ile nundu inayoisukuma, imesimama mahali inapoishikilia fidi pampu juu. Zungusha injini nusu mzunguko kisha ujaribu tena. Nimeona fidi pampu nzima zikitupwa kwa kutojua jambo hili.

5. Povu likiisha na mafuta yakatoka matupu kama uzi, kaza skrubu mafuta yakiwa bado yanatoka, huku mkono mmoja ukiendelea kupampu. Ukiacha kupampu kwanza, hewa inarudi.

6. Hamia kwenye skrubu ya kutolea hewa ya pampu kubwa, ile inayopeleka mafuta kwenye nozeli. Fanya vile vile. Usiwe na haraka. Hewa ya filta mpya inaweza kuendelea kuja kwa mapigo hamsini au zaidi.

7. Kama bado haiwaki, legeza nati za mabomba upande wa nozeli, nusu mzunguko tu, mbili au tatu kwa wakati mmoja. Funika kwa kitambaa, vaa miwani, kanyaga mafuta mpaka chini, mwenzako apige stata kwa sekunde 15. Pumzisha stata dakika moja au mbili ipoe. Rudia mpaka mafuta yatoke kwa mapigo, kisha kaza na uhamie kwenye nyingine.

8. Ikiwaka, iache sailensa. Kama ni lori lenye turbo, usilipigie resi kwa furaha. Oili haijafika kote.

Usitumie spreya ya kuwashia kwenye injini yenye hita za kupasha hewa au plagi za hita. Huo mchanganyiko unaweza kulipuka ndani ya bomba la hewa na hata kuvunja pistoni. Injini iliyozoeshwa spreya, mimi huiona kama injini iliyofichwa ugonjwa wake.

Hewa inayorudi kila ukiitoa

Hapa ndipo watu hukata tamaa na kuisingizia pampu. Umetoa hewa vizuri, lori limewaka, kesho yake hali ni ile ile. Basi kuna mwanya, na ili uupate lazima uelewe njia ya mafuta ina pande mbili zenye tabia tofauti.

Kutoka fidi pampu kwenda mbele, mafuta yanasukumwa. Kukiwa na mwanya, utaona dizeli inavuja na utaikamata kwa macho. Lakini kutoka tankini mpaka fidi pampu, mafuta yananyonywa. Mwanya wa upande huu haudondoshi kitu injini ikiwa inafanya kazi; unavuta hewa kimya kimya. Unaweza kulala chini ya lori na tochi saa nzima na usione tone. Kwenye baadhi ya malori filta ya kwanza, pamoja na kikombe cha kunasa maji, iko upande huu wa kunyonya, na hiyo ndiyo imefunguliwa wakati wa sevisi.

Chunguza vitu hivi: raba ya filta iliyojipinda au raba ya zamani iliyobaki juu huku mpya ikafungwa chini yake, pete ndogo ya katikati ya filta ambayo huja ndani ya boksi na wengi huitupa pamoja na boksi, plagi ya plastiki ya kumwagia maji chini ya filta, washa za shaba zilizorudishwa bila kubadilishwa. Washa ya shaba iliyokwisha kubanwa inakuwa ngumu na haizibi tena. Kama huna mpya, ichome mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, italainika na kufaa kwa muda. Mpira wa mafuta uliozeeka nao hupasuka ukisogezwa tu, na nyufa zake mara nyingi ziko chini ya klipu pasipoonekana. Na usizungushe ule utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye maungio ya dizeli: vipande vyake hukatika na kusafiri mpaka kwenye pampu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha dumu. Chukua dumu safi, tia dizeli safi, lining'inize juu kuliko fidi pampu, mbali na ekzosi. Ondoa bomba linalotoka tankini na badala yake unganisha mpira unaoonyesha ndani kutoka kwenye dumu mpaka fidi pampu. Toa hewa, washa. Injini ikitulia na nguvu ikarudi, pampu yako nzima, nozeli zako nzima, na kosa liko kati ya tanki na fidi pampu: bomba, koki, kikombe cha maji, au chujio la ndani ya tanki. Ikiendelea kusumbua vile vile, upande wa tanki umeshaondoka kwenye orodha. Kazi ya nusu saa inakutenganishia nusu mbili za mfumo mzima.

Ukiwa na mpira huo huo, uangalie injini ikinguruma. Povu dogo dogo linalopita mfululizo ni mwanya. Povu kubwa moja moja mwanzoni ambalo linaisha ni hewa iliyobaki tu.

Kwa pampu ya mviringo ya Bosch aina ya VE kuna mtego mmoja wa ziada. Bolti mbili zenye tundu zinafanana kwa nje: moja ya mafuta kuingia, nyingine ya kurudi tankini. Ile ya kurudi ina kitundu chembamba sana ndani, ambacho kazi yake ni kushikilia presha ndani ya pampu, na mara nyingi imeandikwa OUT kichwani. Zikibadilishana mahali, pampu inapata mafuta kwa shida na presha ya ndani haishiki. Lori linawaka kwa tabu au halina nguvu kabisa. Ukiwa umefungua mipira ya pampu hii, tazama hizo bolti kabla ya kutazama kitu kingine.

Inamisi silinda moja

Hewa imekwisha, injini inawaka, lakini inatetemeka kwa mdundo ule ule. Iache sailensa, kisha legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, robo au nusu mzunguko, ukiikaza kabla ya kuhamia inayofuata. Silinda nzima ukiikatia mafuta, sauti inabadilika na injini inazidi kutetemeka. Ukifika kwenye silinda ambayo ukilegeza hakuna kinachobadilika, umeipata. Kama nozeli haikuguswa, usiing'oe bado. Angalia bomba lake halikupindwa mtu alipopita na spana, na kama tapeti (nafasi za kufungulia valvu) zilisetiwa, nenda huko.

Tapeti zilizobanwa kupita kiasi haziachi valvu ifunge. Kompresheni, yaani hewa iliyobanwa, inavuja, silinda inamisi, na valvu ya ekzosi inaungua taratibu kwa kukosa kugusa kiti chake, maana pale ndipo inapopoteza joto. Zilizolegea kupita kiasi hugonga kwa juu kama cherehani. Kati ya makosa hayo mawili, la kelele ni afadhali. La kimya ndilo linaloharibu. Kosa la kawaida ni kuseti silinda ikiwa kwenye pigo lisilo lake. Kwenye injini ya silinda sita zilizo mstari mmoja, silinda ya 1 na ya 6 hupanda pamoja: valvu za 6 zinapopishana, yaani moja inafunga na nyingine inaanza kufungua, ya 1 iko juu kwenye kompresheni na hapo ndipo unaiseti. Ya 5 inalingana na ya 2, ya 3 na ya 4.

Vipimo havihamishwi kutoka injini moja kwenda nyingine. Cummins 6BT inataka milimita 0.25 kwenye valvu za kuingiza na 0.51 kwenye za ekzosi, injini ikiwa baridi. Isuzu 6BD1 inataka 0.40 kwa zote. Fundi aliyezoea moja akiiseti nyingine kwa kichwa, injini itamlalamikia.

Hewa inayopumua injini

Moshi mweusi na kukosa nguvu baada ya kubadilisha filta ya hewa: mafuta yanakwenda, hewa haitoshi. Tafuta kitambaa, filta isiyo saizi yake iliyobanwa kwa nguvu, mpira uliolainika ambao unajikunja ndani injini inapovuta. Kwenye lori la turbo, angalia pia mpira unaotoka turbo kwenda injini. Ukichomoka au ukipasuka utasikia upepo ukipuliza ukikanyaga mafuta. Kwenye filta ya kizamani ya bakuli la oili, usivuke mstari, la sivyo injini itanyonya oili.

Lakini kosa linaloniogopesha zaidi upande huu halitoi dalili yoyote. Ni klipu iliyoachwa legevu baada ya filta. Lori linakwenda vizuri, pengine vizuri kuliko jana, huku likinyonya vumbi lisilochujwa. Vumbi hilo ni msasa, na linaweza kumaliza ringi na silinda kwa muda mfupi wa kusikitisha. Vua mpira ulio baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, tafuta lilipoingilia kabla lori halijaenda popote.

Oili

Taa ya oili au geji inaweza kuchelewa sekunde chache baada ya kubadilisha filta, kwa kuwa filta tupu inajazwa kwanza. Ikifika sekunde 10 bila presha, zima. Usipige resi ili "kuivuta". Ndiyo maana mimi hujaza filta ya oili kabla ya kuifunga, kwa kumimina kwenye vitundu vya pembeni, si tundu la katikati, ili kila tone lichujwe. Kisha nazungusha injini kwa stata nikiwa nimevuta kebo ya kuzimia, mpaka geji inyanyuke, ndipo naiwasha. Turbo inazunguka makumi ya maelfu kwa dakika juu ya utando wa oili tu. Sekunde zile za mwanzo ndizo zinazoiua.

Oili ikimwagika kwa wingi mara tu injini inapowaka, zima na uvue filta: karibu kila mara raba ya filta ya zamani imeng'ang'ania kwenye injini na mpya imekazwa juu yake. Filta hukazwa kwa mkono. Raba ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko.

Kisha kipimo. Lori liwe mahali tambarare, subiri dakika kumi baada ya kuzima. Oili iliyozidi sana hupigwa na krankshafti ikawa povu. Presha inacheza, na mvuke wake hupitia njia ya kupumulia hadi kwenye bomba la hewa. Moshi wa bluu unaanza. Likizidi hapo, injini inaweza kuanza kula oili yake yenyewe na kukimbia bila kukanyagwa, na kebo ya kuzimia haitafanya kitu kwa sababu haichomi dizeli tena. Ikitokea hivyo, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu kipana, kamwe si kwa mkono wala kwa nguo. Dereva aliye ndani akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia kubwa na kuachia klachi. Kama injini imekwisha kufika kasi ya kutisha, kaa mbali nayo.

Oili ikipanda kwenye kijiti siku hadi siku bila mtu kuongeza, inuse. Ikinuka dizeli, huenda kiwambo cha fidi pampu kimepasuka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ni maji. Zote mbili ni za kusimamisha lori. Oili kuwa nyeusi baada ya safari ya kwanza, kwa upande mwingine, si ugonjwa: oili ya dizeli imetengenezwa kubeba masizi.

Maji na joto

Kama maji yalimwagwa au thamostati (kizibo cha maji kinachofunguka kwa joto) ikabadilishwa na sasa geji inapanda, shuku hewa iliyonaswa juu ya silinda hedi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua hita ya kabini, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, jaza taratibu, iwashe bila kifuniko mpaka thamostati ifunguke, na uongeze maji yanaposhuka. Thamostati inafungwa springi ikielekea upande wa injini. Feni iliyovuliwa inaweza kurudishwa ikiwa imegeuzwa, na ikigeuzwa upepo unapungua sana. Mkanda ukilia asubuhi, umelegea.

Mapovu yasiyokwisha kwenye radieta hata baada ya kutoa hewa, huku mipira ikiwa migumu mapema injini ingali baridi, yanaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Usifungue kifuniko cha radieta injini ikiwa ya moto, na usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemka, hedi hupasuka.

Kabla ya kuigusa pampu kubwa

Ifikie tu kama dumu limethibitisha mafuta yanafika, hewa haipo, kompresheni ipo na hakuna kilichofungwa vibaya. Kama pampu ilivuliwa wakati wa kazi, tatizo linaweza kuwa taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta. Ikichelewa, injini hutoa moshi mweupe wa kuwasha macho na hukosa nguvu. Ikiwahi, hugonga kwa sauti kali kama nyundo. Rudisha kwenye alama. Skrubu zenye lakiri juu yake usizifungue: zile zinasetiwa kwenye mashine ya kupimia, na hakuna sikio la fundi linaloweza kuzirudisha silinda sita zikawa sawa.

Kulijaribu

Rekebisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ushike kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa, na kesho kikirudi utaanza mwanzo.

Lipeleke barabarani likiwa na mzigo wa wastani na mlima mmoja, kisha liache lilale usiku kucha. Asubuhi usipige pampu ya mkono. Piga stata kama kawaida. Likishika mara moja na kutulia, mafuta hayakurudi tankini na mwanya umezibwa. Hapo pita na tochi kwenye kila bolti uliyofungua, filta zote, plagi ya sampu, klipu za hewa, vichwa vya betri. Pangusa pakavu, na urudie kupita baada ya kilomita 200, kwa sababu raba na washa mpya hukaa vizuri zikishapata joto mara kadhaa, na kilichokuwa kimekazwa siku ile kinaweza kuwa kimelegea.